Gari ya Kikundi Ikitetemeka: Tafuteni Chanzo Kabla ya Kutoa Pesa



Vikundi vingi vya kujisaidia vina gari moja tu, na mara nyingi gari hiyo ni mzee: Land Rover ya miaka ya sabini au themanini, ama Land Cruiser pikapu iliyonunuliwa kwa mnada. Hiyo ndiyo inabeba maziwa, mbegu na mchanga wa mradi wa maji, na usiku inabeba mgonjwa. Ikilala, kikundi chote kinalala. Ndiyo maana safari hii tunaongea juu ya ugonjwa mmoja unaosumbua sana magari ya fo-wili yaliyozeeka, yaani kutetemeka.

Hebu tuanze na yaliyotokea kwa kikundi kimoja tunachotembelea huko Bonde la Kerio. Kikundi hiki kina Land Rover Series III, na kazi yake kubwa ni kupandisha maembe mpaka Iten na Eldoret. Msimu mmoja mavuno yalikuwa mazuri, wanachama wakaamua kuongeza mabamba mawili kwenye springi za nyuma ili gari ibebe zaidi. Wiki chache baadaye dereva akasema gari ina mlio kama mzinga wa nyuki ikifika kilomita 60 kwa saa, na sakafu inatetemeka mpaka miguu inawasha.

Gari ikapelekwa gereji mjini. Huko wakabalansi matairi. Mlio ukabaki. Wakaambiwa wanunue matairi mawili mapya. Wakanunua. Mlio ukabaki. Mara ya tatu wakaambiwa, "Hiyo ni giaboksi, lazima tufungue." Mama mweka hazina alikuwa tayari kwenda benki kutoa akiba ya kikundi, ile iliyowekwa kwa ajili ya tangi la maji.

Kabla hajaenda, gari ilikuwa inapanda ile barabara ya Tambach ikiwa na mzigo. Kukasikika kishindo chini, injini ikapiga kelele lakini gari haikusonga mbele. Ikaanza kurudi nyuma. Dereva akavuta breki ya mkono. Haikushika kabisa! Akakanyaga breki ya mguu kwa nguvu zote, naye turniboi akaruka na kuweka mawe nyuma ya magurudumu. Mungu alisaidia, hakuna aliyeumia. Kumbe kros ya propela ya nyuma ilikuwa imevunjika. Giaboksi ilikuwa nzima. Matairi ya zamani pia yalikuwa mazima.

Gari ilikuwa imesema ugonjwa wake kwa miezi miwili, lakini hakuna aliyejua lugha yake. Wazee husema dalili ya mvua ni mawingu. Basi tujifunze kusoma haya mawingu.

Jinsi nguvu inavyofika kwenye magurudumu

Nguvu ya injini hupita klachi, ikaingia giaboksi kubwa, halafu giaboksi ndogo iliyo nyuma yake. Hii ndogo ndiyo inagawa nguvu mbele na nyuma. Kutoka hapo kuna mabomba mawili ya chuma yanayozunguka chini ya gari, moja kwenda difu ya mbele na jingine kwenda difu ya nyuma. Bomba hilo ndilo tunaliita propela.

Gari ikipita kwenye mashimo, difu hupanda na kushuka lakini giaboksi hubaki mahali pake. Kwa hivyo propela lazima iweze kujipinda na kurefuka. Kujipinda ni kazi ya kros, kile chuma chenye umbo la msalaba chenye vikombe vinne, na ndani ya kila kikombe kuna beringi za sindano. Kila propela ya Land Rover hii ina kros mbili, moja kila mwisho. Kurefuka ni kazi ya meno yanayoteleza, bomba moja ndani ya jingine.

Sasa sikilizeni jambo ambalo hata mafundi wengine hawalijui. Kros ikizunguka ikiwa imepinda, haizungushi sawasawa. Katika kila mzunguko mmoja inaharakisha mara mbili na kupunguza mara mbili. Mtetemo huo hufutwa na kros ya upande wa pili, inayofanya kinyume chake. Lakini itafanya hivyo tu kama pembe za pande zote mbili zinalingana, na kama kros zote mbili zimepangwa sawa. Pembe ikibadilika, au propela ikifungwa vibaya, mtetemo haufutiki. Ndiyo maana mabamba yale mawili ya springi yalileta shida: yaliinua gari, pembe ya propela ikawa kali, na kros zikaanza kula haraka.

Sikiliza kwanza, spana baadaye

Kabla ya kufungua nati hata moja, chukueni dereva na mtu mmoja mwenye masikio mazuri, mtafute barabara nzuri isiyo na magari mengi, gari ikiwa tupu. Mtu wa pili aandike kwenye daftari. Jiulizeni maswali haya:

1. Je, inatetemeka ikiwa imesimama? Weka gia nyutro, kanyaga mafuta pole pole. Ikitetemeka hapo, propela haihusiki maana haizunguki. Angalieni raba zinazoshikilia injini na giaboksi, feni, na kama silinda zote zinafanya kazi.

2. Je, inafuata mwendo wa gari au mwendo wa injini? Tuseme inaanza kwa kilomita 50 kwa saa katika gia ya nne. Rudisha gia ya tatu, enda tena kilomita 50. Injini sasa inazunguka haraka zaidi, lakini magurudumu na propela ni mwendo ule ule. Kama mtetemo umebaki pale pale kwa 50, tafuteni kwenye magurudumu, propela au difu. Kama umehama, tafuteni kwenye injini na klachi.

3. Je, ni mtikisiko wa polepole au mlio wa haraka? Hapa kuna hesabu kidogo. Tairi ya 7.50-16 ikizunguka mara moja gari husonga karibu mita mbili na nusu. Kwa kilomita 60 kwa saa, gurudumu linazunguka karibu mara 400 kwa dakika, yaani mara sita au saba kwa sekunde. Mtikisiko wa namna hiyo mikono inausikia, karibu unaweza kuuhesabu. Lakini difu ya Land Rover Series ina hesabu ya 4.7, maana yake propela inazunguka karibu mara tano kwa kila mzunguko mmoja wa gurudumu. Kwa mwendo ule ule wa 60 inazunguka zaidi ya mara 30 kwa sekunde. Hiyo huwezi kuhesabu, unasikia mvumo tu. Kwa hivyo: usukani ukicheza mikononi, shuku magurudumu ya mbele. Kiti kikitikisika polepole, shuku magurudumu ya nyuma. Sakafu ikivuma kama nyuki, shuku propela.

4. Je, inabadilika ukiachilia mafuta? Ikivuma wakati wa kuvuta mzigo na kunyamaza ukiachilia, ama kinyume chake, kuna kitu kimelegea katika njia ya nguvu: kros, beringi ya difu pale propela inapoingia, au raba za giaboksi. Tairi isiyobalansi haijali kama umekanyaga mafuta au hukukanyaga.

5. Je, ni mbele au nyuma? Gari nyingi za zamani zina vifungio vya fo-wili katikati ya magurudumu ya mbele, wengi wanaviita friwili. Viachilieni vyote viwili, mwendeshe kwa magurudumu ya nyuma tu. Halafu vifungeni vyote viwili bila kuingiza fo-wili, mjaribu tena. Kama mtetemo unakuja vikiwa vimefungwa tu, shida iko kwa propela ya mbele au mhimili wa mbele, maana hapo magurudumu yanaizungusha propela ya mbele hata kama haivuti. Angalieni pia kama kimoja kimefungwa na kingine kimeachiliwa. Tumeona hayo mara nyingi.

Tahadhari moja. Kuendesha fo-wili kwenye lami kavu katika gari hizi ni kuiumiza. Magurudumu ya mbele na ya nyuma hayapiti njia yenye urefu sawa kwenye kona, na nguvu inajikaza ndani ya propela. Usukani unakuwa mzito na gari inaruka ruka. Hiyo si ugonjwa, ni matumizi mabaya. Fo-wili ni ya matope, mchanga na mawe.

Yale ya bure yaanze

Majibu mengi hayahitaji pesa. Fuateni mpango huu.

Nati za magurudumu. Kazeni zote. Gurudumu lililolegea linatikisa gari na linaweza kutoka. Kama tundu za rimu zimekuwa za mviringo mrefu badala ya duara, rimu hiyo ni ya kutupa.

Matope. Baada ya mvua, udongo mweusi hukaa ndani ya rimu na kukauka kama tofali. Kilo moja ya udongo upande mmoja inatosha kutikisa gari nzima. Osheni ndani ya rimu na propela yenyewe, mjaribu tena.

Matairi. Angalieni upepo, uvimbe ubavuni, na kama matairi yote manne ni ya ukubwa mmoja. Hamisheni ya mbele yaende nyuma. Mtikisiko ukihama nayo, mmepata mkosaji bila kulipa mtu.

Springi. Angalieni kama bolti ya katikati imekatika na mhimili umesogea. Kazeni bolti zinazoshika springi kwenye mhimili. Kama mabamba yameongezwa, kumbukeni mtetemo ulianza lini. Daftari la gari litasaidia hapa, kama mnalo.

Kuingia chini ya gari

Hapa ndipo tunaomba mtusikilize sana, maana mtu anaweza kufa.

Katika Land Rover hizi, na baadhi ya Land Cruiser za zamani, breki ya mkono haiko kwenye magurudumu. Ni dramu moja iliyo nyuma ya giaboksi ndogo, na inashika propela ya nyuma. Propela ndiyo inashika difu, na difu inashika magurudumu. Maana yake ni mbili. Kwanza, propela ya nyuma ikivunjika au ikifunguliwa, breki ya mkono haishiki kitu. Ndiyo yaliyompata yule dereva wa Tambach. Hata kuacha gari ndani ya gia hakusaidii, maana gia pia inategemea propela hiyo. Pili, ukiinua gurudumu moja la nyuma kwa jeki, difu inaruhusu lile lililo chini lizunguke, na gari inaweza kuondoka juu ya jeki ingawa umevuta breki ya mkono mpaka mwisho.

Kwa hivyo: tafuteni mahali tambarare. Wekeni mawe makubwa au magogo mbele na nyuma ya magurudumu angalau mawili. Zimeni injini, na ufunguo ukae mfukoni mwa yule anayeingia chini. Mtu asiingie chini ya gari iliyoshikiliwa na jeki peke yake. Na watoto wakae mbali.

Magurudumu yote yakiwa chini na mawe yamewekwa, mwachilie breki ya mkono, halafu mkague hivi:

Shika propela kwa mikono miwili, uizungushe kwa nguvu kushoto na kulia. Tazama kros. Pande zake mbili zinapaswa kwenda pamoja. Upande mmoja ukicheza na mwingine umetulia, kros imekwisha, hata kama ni kidogo tu. Lakini zikicheza pande zote mbili pamoja, huo ni mchezo wa meno ya difu, na kiasi kidogo ni cha kawaida.

Sukuma propela juu na chini kwa gongo karibu na kros. Isicheze.

Tazama vikombe vya kros. Vumbi jekundu kama kutu kandokando ya kikombe ni dalili kwamba grisi imekwisha na sindano zimesagika. Dalili nyingine ni sauti ya kulia kama ndege gari ikitembea polepole, na "tak!" ukibadilisha kutoka mbele kwenda rivasi.

Shika pale propela inapoingia kwenye difu, ujaribu kuinua. Ikicheza juu na chini, na oili inavuja hapo, beringi ya difu imelegea. Hiyo ni kazi ya fundi anayejua difu, si ya kujaribu nyumbani.

Kagua bolti. Land Rover ina bolti nne kila mwisho wa propela, na nati zake ni za kujifunga. Nati ya namna hiyo ikiwa inaingia kwa vidole tu, imechoka. Nunua mpya.

Tazama bomba lenyewe. Kama limebonyezwa na jiwe au kupinda, litatetemeka hata kros zikiwa mpya. Vile vibati vidogo vilivyochomelewa kwenye bomba si uchafu. Viliwekwa kiwandani kubalansi propela, msivigonge vikatoka.

Mkifungua propela

Kabla ya kufungua, chukueni rangi au patasi, mweke alama: propela na difu, propela na giaboksi, na vipande viwili vya propela pale kwenye meno ya kuteleza. Kosa kubwa tunaloliona ni fundi kuvuta vipande hivyo vikaachana, kisha kuvirudisha jino moja au mawili pembeni. Hapo kros mbili hazijapangana tena, na gari iliyoingia gereji na ugonjwa mmoja inatoka na mbili. Kwa kawaida masikio ya kros ya mwisho mmoja yanapaswa kulala sambamba na ya mwisho mwingine. Lakini gari zingine propela ya mbele ilitengenezwa tofauti kwa makusudi. Kwa hivyo msibahatishe, fuateni alama zenu.

Kuna jaribio moja zuri mkiwa na wasiwasi bado. Katika gari yenye fo-wili ya kuingiza na kutoa, fungueni propela ya mbele muiweke kando, mwendeshe kwa magurudumu ya nyuma. Mtetemo ukiisha, mmejua. Lakini Land Rover 110 iliyoanza kutengenezwa mwaka 1983 ni fo-wili wakati wote. Hiyo ukitoa propela moja bila kufunga difu ya katikati, haitasonga. Na narudia tulivyosema: propela ya nyuma ikitoka, breki ya mkono imetoka nayo.

Kuhusu kuchomelea: propela iliyopinda ikinyooshwa kwa nyundo na kuchomelewa bila mashine ya kuipima itatetemeka. Afadhali propela nzima iliyotumika kutoka gari ya aina hiyo hiyo, yenye urefu sawa. Na mkinunua kros mpya, nendeni na ile ya zamani mkononi, mpime vikombe. Ya bei rahisi sana mara nyingi haimalizi msimu.

Grisi ni rahisi kuliko kros

Kros nyingi za zamani zina chuchu ya grisi. Kwa barabara zetu tunashauri mpige grisi kila mwezi, na kila mara gari ikivuka mto wenye maji mengi. Pigeni mpaka grisi safi itokee kwenye vikombe vyote vinne. Kikombe kimoja kikikataa kutoa grisi, hicho ndicho kitakufa kwanza. Msisahau chuchu ya meno ya kuteleza. Kazi yote ni nusu saa.

Kile kikundi cha Kerio kilinunua kros mbili, kikatoa yale mabamba mawili, na kupanga safari mbili za mzigo mdogo badala ya moja ya mzigo mzito. Mlio wa nyuki umekwisha. Matairi mawili ambayo hayakuhitajika yamewekwa stoo. Tangi la maji lilijengwa kwa akiba ile ile. Sasa dereva na turniboi hukagua gari kila Jumamosi, na mama mweka hazina hatoi pesa ya gereji mpaka asome kwenye daftari ni majaribio gani yamefanywa. Tunaona huo ni utaratibu mzuri, nasi tumeanza kuufuata kwa gari yetu wenyewe.

Maswali ya kujadiliana katika kikundi

1. Gari yetu ina dalili gani sasa, na zilianza lini? Ni nani anaandika?
2. Breki ya mkono ya gari yetu iko wapi: kwenye magurudumu au kwenye propela? Je, dereva na turniboi wanajua?
3. Tumeongeza springi au mzigo kuliko gari ilivyotengenezwa? Faida yake imekuwa nini, na hasara yake?
4. Tukienda gereji, tutamwuliza fundi maswali gani kabla ya kukubali afungue kitu?
5. Nani atakuwa na jukumu la grisi, na bomba la grisi litakaa kwa nani?